Kuacha vidonge vya opioidi: kukata ghafla, kupunguza pole pole, au kulazwa?

Mtu aliyemeza kodeini, tramadoli, morfini au oksikodoni, yaani dawa za maumivu za jamii ya opioidi, kwa miezi mingi, tena kwa kuandikiwa na daktari, siku akiamua kuacha hukuta njia ni nyingi kuliko alivyodhani. Anaweza kukata ghafla. Anaweza kupunguza dozi kidogo kidogo akiwa nyumbani. Anaweza kulazwa, apewe buprenofini au methadoni, au klonidini ambayo si opioidi kabisa. Zipo kliniki zinazoahidi kumaliza kila kitu kwa siku moja mgonjwa akiwa amelala fofofo. Na ipo njia ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni kuacha: kuendelea na dawa ya tiba kwa muda mrefu. Nitazilinganisha zote, ila sitazipa uzito sawa, kwa sababu hazistahili uzito sawa.

Niseme mapema ninakoegemea. Wagonjwa wengi na jamaa zao huchagua njia kwa kutazama wiki ya kwanza tu: ipi itauma kidogo, ipi itaisha mapema. Ni swali la haki kabisa, lakini mwezi wa pili na wa tatu ndiyo inayoamua nani anapona na nani anazikwa. Kila njia hapa nimeipima kwa miezi hiyo.

Jijue kwanza uko upande gani

Wanaofika kwenye uamuzi huu ni wa aina mbili, na ushauri wa mmoja unaweza kumdhuru mwenzake. Wa kwanza anameza dawa kama alivyoandikiwa. Hajawahi kuzidisha, hana uchu nazo, lakini akichelewesha dozi anatokwa jasho na kupiga miayo. Huyo mwili wake umezoea dawa. Humpata karibu kila anayetumia opioidi kila siku kwa wiki kadhaa, na si uraibu. Wa pili vidonge vinamwishia kabla ya tarehe, anazunguka kwa madaktari wawili watatu, anaficha paketi, na ameshajaribu kupunguza akashindwa. Huyo ana uraibu, nao ni ugonjwa wenye tiba.

Wa kwanza mara nyingi hahitaji wodi. Anahitaji ratiba na daktari mvumilivu. Wa pili, ukimpa ratiba peke yake utamwangusha, kwa kuwa unamdai ule uwezo wa kujizuia ambao ugonjwa umeshamnyang'anya. Usimwonee haya daktari katika hili. Ukimficha kwamba unameza mara mbili ya ulichoandikiwa, atakupangia njia ya mtu mwingine.

Arosto yenyewe

Arosto ni mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea. Opioidi huibana sehemu ya ubongo inayotoa noradrenalini, kemikali inayomweka mtu macho na tayari. Ubongo nao hujiongeza ili ufanye kazi hivyo hivyo umebanwa. Dawa ikiondoka, ule msukumo wa ziada unabaki bila kizuizi: moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, vinyweleo vinasimama, mboni za macho zinatanuka, machozi na kamasi vinatiririka, tumbo linasokota, mtu anaharisha na kutapika, viungo vinauma, miguu haitulii, usingizi unakata. Juu ya hayo kuna wasiwasi mzito unaomfanya mtu aamini kwamba hali hii haitaisha.

Inaisha. Kwa dawa zinazotoka mwilini haraka, kama kodeini, morfini ya kawaida na oksikodoni ya kawaida, arosto huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa jumla huchukua siku 4 hadi 10. Kwa zinazokaa mwilini muda mrefu, kama methadoni, huanza kati ya saa 12 na 48 na huweza kuendelea siku 10 hadi 20, ingawa makali yake hayapandi kwa ghafla vile. Usingizi mbovu, uchovu na uchu wa dawa huweza kubaki wiki au miezi baada ya hapo, na hicho ndicho kipindi ambacho familia hudhani kazi imekwisha.

Hospitalini ukali hupimwa kwa kipimo kiitwacho COWS, chenye vipengele 11: mapigo ya moyo, jasho, mboni za macho, miayo, tumbo na vinginevyo. Alama 5 hadi 12 ni arosto nyepesi, 13 hadi 24 ya wastani, 25 hadi 36 inakaribia kuwa kali, na kuzidi 36 ni kali sana. Kuzijua alama hizi kunakusaidia, maana baadhi ya dawa haziruhusiwi kuanzwa mpaka alama zifike mahali fulani.

Kukata ghafla na kupunguza pole pole

Aliyetumia dawa siku chache tu baada ya upasuaji anaweza kuacha bila mpango wowote. Kwa aliyetumia miezi au miaka, sioni sifa ya kukata ghafla isipokuwa ufupi wake. Mwezi Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa za wagonjwa waliokatiwa opioidi ghafla au kushushwa kwa kasi: arosto kali, maumivu yasiyoshikika, msongo wa mawazo, na watu kujiua. Arosto ya opioidi peke yake ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, lakini kutapika na kuharisha bila kurudisha maji mwilini kumewahi kuua.

Kupunguza pole pole ni kinyume chake: kunachosha kwa urefu, lakini mtu anaendelea na maisha. Mwongozo wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wa mwaka 2022 unasema aliyetumia mwaka mmoja au zaidi ashuke asilimia 10 kwa mwezi, au pole pole zaidi ya hapo. Aliyetumia wiki au miezi michache anaweza kushuka asilimia 10 ya dozi ya mwanzo kila wiki mpaka afike asilimia 30 yake, kisha asilimia 10 ya kilichobaki kila wiki. Chukua mtu anayemeza morfini miligramu 60 kwa siku kwa miaka mitatu. Mwezi wa kwanza anashuka hadi 54, wa pili hadi karibu 49, na atafika nusu ya dozi yake kati ya mwezi wa sita na wa saba. Ukiona ni muda mrefu kupindukia, kumbuka amekaa na dawa hii miaka mitatu.

Vidonge havitengenezwi kwa hesabu hizo, kwa hiyo mfamasia awe ndani ya mpango tangu mwanzo. Dawa ya maji hurahisisha hatua ndogo. Vidonge vinavyotoa dawa taratibu kwa saa 12 au 24 havisagwi wala havitafunwi, maana dozi ya siku nzima itaingia mwilini kwa mkupuo na inaweza kusimamisha pumzi. Mtu akifikia kidonge kidogo kuliko vyote, daktari hurefusha muda kati ya dozi na dozi, na dawa husitishwa inapokuwa inamezwa chini ya mara moja kwa siku.

Kila unaposhuka ngazi maumivu huongezeka kwa muda, na hapo wengi hukata tamaa wakidhani ugonjwa wa awali umerudi. Mara nyingi ni mwili unajipanga upya. Inaruhusiwa kusimama kwenye ngazi moja kwa wiki kadhaa kabla ya kuendelea. Na wapo ambao maumivu yao hupungua wanapofika chini, kwa kuwa opioidi ikitumiwa muda mrefu inaweza yenyewe kuufanya mwili uhisi maumivu zaidi.

Aliyekuwa akimeza kwa wingi vidonge vyenye kodeini na parasetamoli kwa pamoja apimwe ini kabla ya jambo lolote. Parasetamoli ikizidi gramu 4 kwa siku ni hatari, na hatari hiyo haina uhusiano na arosto.

Tramadoli nayo ina mambo yake. Mbali na kazi ya opioidi, inagusa pia kemikali za ubongo serotonini na noradrenalini kama zifanyavyo dawa za sonona, hivyo anayeikata ghafla anaweza kupata arosto mbili kwa mpigo: ile ya kawaida, na nyingine ya hofu ya ghafla, kuchanganyikiwa, ganzi na michomo mikononi, hata kuona au kusikia visivyokuwepo. Isitoshe, kwa dozi kubwa tramadoli huweza kuleta degedege, na kiwango cha juu cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku. Anayemeza zaidi ya hapo asijipangie ratiba mwenyewe.

Nyumbani au wodini

Nyumbani kunamfaa mtu mwenye afya ya kuridhisha, anayetumia dozi ya wastani, aliye na mtu wa kukaa naye, na asiyekaa nyumba moja na vidonge vilivyofichwa kila kona. Kuachia nyumbani kuna faida kubwa isiyosemwa sana: mtu anajifunza kuishi bila dawa pale pale atakapoishi. Daktari humwandikia dawa ya kuzuia kutapika, ibuprofeni kwa viungo, maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na loperamidi kwa kuharisha. Loperamidi imezwe kwa kipimo cha paketi tu. Wapo waliomeza lundo lake kutuliza arosto, na FDA ilionya mwaka 2016 kwamba dozi kubwa huvuruga mapigo ya moyo kiasi cha kuua.

Wodi inakuwa lazima katika hali kadhaa, na ya kwanza ni kuchanganya. Anayekunywa pombe kila siku, au anayetumia diazepamu na ndugu zake (dawa za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi) pamoja na opioidi, asithubutu kuacha vyote peke yake. Kuacha pombe au diazepamu ghafla huleta degedege na huua, tofauti na opioidi. Wengine wa kulazwa ni wenye ugonjwa mkubwa wa moyo, wanaowaza kujidhuru, waliojaribu nyumbani wakazidiwa, na wasio na mtu wala mahali tulivu pa kulala. Wodini kuna dripu, kuna kupimwa presha na alama za COWS mara kadhaa kwa siku, kuna dawa inayorekebishwa kwa saa na si kwa wiki.

Lakini wodi haikupi siku ya kumi na tano, ile ya baada ya kutoka. Mtu hutoka mwili ukiwa safi, akarudi kwenye chumba kile kile, maumivu yale yale na simu ile ile yenye namba ya aliyekuwa akimuuzia.

Buprenofini, methadoni, klonidini

Hapa ndipo pa kuuliza maswali mengi kliniki, kwa sababu neno detoksi, yaani kusafisha mwili, huficha dawa zisizofanana.

Buprenofini hukaa kwenye vipokezi vile vile vya opioidi, yaani sehemu za mwili ambazo dawa hizi hujishikiza ili zifanye kazi, ikavishika kwa nguvu, lakini huviamsha nusu nusu. Kwa hiyo arosto inatulia, uchu unapungua, na hatari ya kusimama pumzi ni ndogo kuliko kwa opioidi nyingine, mradi isichanganywe na pombe au dawa za usingizi. Ugumu wake uko kwenye kuanza. Ukiiweka chini ya ulimi wakati opioidi ya zamani bado imejaa mwilini, inaing'oa kwa mpigo na kukutupa kwenye arosto kali ndani ya saa moja au mbili. Ndiyo maana husubiriwa saa 12 hadi 24 baada ya dawa ya muda mfupi, zaidi kwa methadoni, na arosto iwe imeonekana kwa macho. Anayeogopa kusubiri aulize kuhusu kuanza kwa vipande vidogo sana huku dawa ya zamani ikiendelea, njia iliyoelezwa na madaktari wa Bern, Uswisi, mwaka 2016. Kidonge kikishayeyuka, sukutua kwa maji na usubiri saa moja kabla ya kupiga mswaki, maana FDA ilionya mwaka 2022 juu ya kuharibika kwa meno.

Methadoni huviamsha vipokezi kikamilifu na hudumu siku nzima. Haihitaji kusubiri arosto ikukamate sawasawa, na kwa waliozoea dozi kubwa sana, au ambao buprenofini haikuwatosha, mara nyingi ndiyo inayowashika. Gharama yake ni uangalifu. Hujikusanya mwilini, hivyo dozi iliyoonekana ndogo siku ya kwanza inaweza kuzidi siku ya nne. Ndiyo sababu huanzwa chini, kwa kawaida isizidi miligramu 30, na mara nyingi hunywewa mbele ya mhudumu kila siku. Inaweza pia kubadili umeme wa moyo, kwa hiyo mwenye historia ya moyo apimwe ECG kwanza.

Klonidini ni dawa ya presha. Hupunguza ule mlipuko wa noradrenalini, basi jasho, baridi na moyo kwenda mbio vinashuka. Haigusi uchu, na husaidia kidogo tu kwa usingizi na maumivu ya misuli. Presha inaweza kushuka mpaka mtu akaanguka anaposimama. Lofeksidini, ndugu yake iliyotumika Uingereza tangu miaka ya 1990 na kuidhinishwa Marekani mwaka 2018, haishushi presha kiasi hicho. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yaliyokusanya majaribio mengi yanaonyesha buprenofini inatuliza arosto vizuri kuliko klonidini na watu wengi zaidi humaliza tiba, huku buprenofini na methadoni zikikaribiana. Mimi ningechagua klonidini pale tu ambapo zile mbili hazipatikani, au kama msaada kwa anayepunguza pole pole.

Kuhusu kliniki za nusukaputi sina maneno mengi. Mgonjwa hulazwa usingizi, akapigwa dawa ya kung'oa opioidi zote kwa pamoja, akaamka eti amemaliza. Utafiti uliochapishwa na jarida la JAMA mwaka 2005 uliilinganisha njia hiyo na buprenofini na klonidini: arosto haikuwa nafuu, na kundi la nusukaputi lilipata madhara ya kutishia uhai. Mwaka 2012, katika kliniki moja New York, kati ya wagonjwa 75 waliofanyiwa hivyo wawili walikufa na wengine watano walilazwa hospitali. Usilipie hatari hiyo.

Kusafisha mwili tu, au kuendelea na tiba

Kama utasoma sehemu moja tu, iwe hii. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2011 uliwafuata watu 653 wenye uraibu wa opioidi za kuandikiwa, si heroini. Kwanza walipewa buprenofini yenye naloksoni (dawa inayozima nguvu ya opioidi) kwa wiki mbili, wakashushwa kwa wiki mbili, kisha wakafuatiliwa. Waliofanikiwa walikuwa asilimia 6.6. Walioshindwa wakapewa dawa ile ile kwa wiki 12, na mwisho wa wiki hizo wakiwa bado kwenye dawa, asilimia 49.2 walikuwa wanaendelea vizuri. Kisha wakaachishwa: wiki nane baadaye waliobaki salama walikuwa asilimia 8.6. Ushauri nasaha wa ziada haukubadili matokeo hayo. Kilichobadili ni kuwa kwenye dawa au kutokuwa nayo.

Ubaya wa kurudia hapa hauko kwenye aibu, uko kwenye pumzi. Mwili uliosafishwa hauna tena uwezo wa kubeba dozi ya zamani. Vidonge vilivyokuwa vinatuliza mgongo mwezi uliopita vinaweza kumuua mtu yule yule leo. Watafiti wa Uingereza waliripoti mwaka 2003 kuhusu wagonjwa 137 waliolazwa kuachishwa opioidi: watatu walikufa kwa kuzidisha dozi ndani ya miezi minne, na wote watatu walitoka kwenye kundi lililomaliza tiba na kupoteza mazoea ya mwili. Katika utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka huo huo, watumiaji 40 wa heroini waligawanywa. Ishirini waliobaki kwenye buprenofini, robo tatu walikuwa bado kwenye tiba baada ya mwaka. Ishirini walioachishwa haraka hakubaki hata mmoja kwenye tiba, na wanne walikufa.

Watu husema kubaki kwenye buprenofini ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Nawaelewa, maana nao wamechoka. Lakini uraibu ni kuharibu kazi, nyumba na afya kwa kufukuzia dawa. Anayeweka kidonge kimoja chini ya ulimi asubuhi, akaenda kazini, akalala usiku, hafukuzii chochote. Wale 653 walipofuatiliwa kwa miezi 42, zaidi ya nusu ya waliopatikana walikuwa hawatumii tena opioidi, na waliokuwa kwenye tiba ya dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa miongoni mwao.

Asiyetaka opioidi ya aina yoyote ana naltreksoni, inayofunga vipokezi kabisa, hasa sindano ya mara moja kwa mwezi. Inahitaji mwili uwe umekaa bila opioidi siku 7 hadi 10, au hadi 14 kwa aliyetoka kwenye methadoni au buprenofini, na ni hapo katikati wengi wanaponyoka. Pia huwezi kutumia opioidi kutuliza maumivu ukiwa nayo. Inamfaa mwenye msukumo mkubwa wa ndani na msimamizi wa karibu.

Mjamzito yeye hachagui kati ya hizi zote. Asikate ghafla, na asishushwe bila uangalizi. Hupewa methadoni au buprenofini na huendelea nayo mpaka ajifungue. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, nayo inatibika. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha watoto wa akina mama waliotumia buprenofini walihitaji morfini kidogo na siku chache za hospitali kuliko wa methadoni, ingawa akina mama wengi zaidi waliacha buprenofini katikati. Kama methadoni inakushika, ibaki.

Ningechagua vipi

Kwa anayemeza kama alivyoandikiwa: kupunguza pole pole nyumbani, bila kumfukuza mtu na kalenda. Kwa aliyepoteza udhibiti: buprenofini, au methadoni dozi ikiwa kubwa, na asiachishwe kwa sababu ya haraka ya watu wengine. Kwa aliyechanganya na pombe au diazepamu: wodi kwanza, mengine baadaye.

Kabla ya kulipa kliniki yoyote uliza mambo mawili: siku ya kutoka nitaondoka na dawa gani, na nani ataniona wiki inayofuata? Na njia yoyote utakayochukua, weka naloksoni nyumbani, ya kupuliza puani au ya sindano, na umfundishe unayeishi naye. Akikukuta huamki, midomo imebadilika rangi, pumzi ni chache au unakoroma kwa kukwama, akupe dozi, apige simu ya dharura, akupulizie pumzi kama anajua namna, na arudie dozi baada ya dakika 2 hadi 3 kama hujarudi. Asikuache peke yako hata ukiamka, kwa kuwa naloksoni inaweza kuisha mwilini kabla ya dawa iliyokuangusha.